Darasa moja lenye lugha saba: mwalimu aanzie wapi?

Swali: "Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kata wilayani Mbarali. Darasani kwangu kuna watoto wanaoongea Kisangu, Kihehe, Kibena, Kisafwa, Kinyakyusa, Kisukuma, na wachache Kimaasai. Mkuu wa shule amenikubalia kipindi kimoja cha jioni kila wiki tufundishe lugha za asili, maana wazee wanalalamika kwamba watoto wanazipoteza. Sasa nimekwama. Nikichagua Kisangu kwa kuwa ndipo tulipo, wengine watanuna. Nikichukua zote, atafundisha nani? Mimi ni Mkinga wa Makete, kilugha changu hata hakimo darasani. Na mwenzangu mmoja ofisini anasema naleta ukabila shuleni. Nifanyeje?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, usichague lugha. Hilo ndilo jibu langu, na yote yanayofuata ni kukuonyesha kwa nini na kwa njia gani.

Kuchukua lugha moja ikasimama badala ya nyingine ni kazi ya serikali inayotunga mitihani, na hata huko ina machungu yake. Vuka Tunduma uingie Zambia. Wenzetu wale wana lugha saba za asili zinazofundishwa shuleni na kutahiniwa: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Ni hatua kubwa na wanastahili sifa. Lakini mtoto wa Nakonde anayeongea Kinamwanga na bibi yake, akifika shuleni anakuta lugha ya asili iliyopangwa kwa eneo lake ni Kibemba. Ni lugha nzuri, ila si ya kwao. Uganda nako wanatahini Kiganda na lugha nyingine kadhaa hadi sekondari, lakini kila lugha ina eneo lake, ina walimu walioisomea na ina vitabu. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Tangu mashamba makubwa ya mpunga yafunguliwe miaka ya 1970, na wafugaji kuteremka na mifugo yao kutafuta malisho, bonde la Usangu limekuwa makazi ya watu wa kila upande. Ukiwalazimisha watoto wote kujifunza Kisangu kwa saa moja ya jioni, baada ya mwaka Msukuma atajua kusalimia tu, na Msangu atakuwa amechoka kusikia salamu anazozijua tangu hajaota meno.

Kinachowezekana ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Mtoto wa kidato cha pili hahitaji kufundishwa kuongea lugha ya mama yake. Anayeijua anaijua kukuzidi. Asichokijua ni kuisoma, kuiandika, na kuitazama kama lugha yenye kanuni, jinsi anavyotazama Kiswahili na Kiingereza. Hayo matatu unaweza kuyasimamia hata kama hujui neno moja la Kisukuma, kwa sababu unachofundisha ni namna ya kuchunguza. Maarifa ya lugha yenyewe yanatoka kwao. Kiswahili kinabaki lugha ya kazi inayowaunganisha wote, na kila kundi linaandika kwa lugha yake. Kwa hiyo kuwa kwako Mkinga ni faida: hakuna kundi litakalosema mwalimu ni wao.

Kabla ya kipindi cha kwanza, wape dodoso fupi. Nakusihi usiwapange watoto kwa majina ya ukoo wala kwa kabila la baba. Utakuta Mwakasege asiyejua Kinyakyusa hata kidogo kwa sababu amezaliwa Rujewa na mama Mbena, na utakuta mtoto wa Kihehe anayeongea Kisukuma vizuri kwa kuwa amekua akichunga ng'ombe na jirani. Uliza mambo yanayoonekana. Bibi anakusalimu kwa lugha gani? Mama akikasirika anakugombeza kwa lugha gani? Wewe na wadogo zako mnaongea nini mkiwa shambani? Ipo lugha unayoielewa lakini unaona aibu kuijibu? Swali hilo la mwisho ndilo litakalokufumbua macho. Watoto wengi wa siku hizi wako hapo katikati: wanasikia kila kitu, wanajibu kwa Kiswahili. Hao wasihesabiwe kuwa hawana lugha. Wakalishe na wanaoongea, wawe waandishi wa kundi. Masikio yao ni mazima na mara nyingi mkono wao ni mwepesi. Na yule ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili tangu mwanzo, basi Kiswahili ndiyo lugha ya mama yake, aingie kundini kwa lugha hiyo bila kuulizwa asili ya babu yake.

Sasa kipindi chenyewe. Anza na neno "mtu". Gawa ubao kwa safu, kila kundi litume mwandishi wake aandike umoja na wingi, kwa herufi wanazozijua kutoka kwenye Kiswahili. Kwenye safu ya Kiswahili ni mtu, watu. Kisafwa wataandika umuntu. Kinyakyusa umundu, abandu. Kihehe na Kibena umunu, avanu. Kisukuma munhu, banhu. Kisangu waache wenyeji waandike wenyewe, na wakianza kubishana kama irabu ya katikati ni ndefu au fupi, kaa kando usiwakatize, maana ubishi huo ndio somo. Kisha waulize wote: mnaona nini? Subiri. Atatokea mmoja aseme kwamba pale Wasafwa wanaposema nt, Wanyakyusa wanasema nd, Wahehe wanabaki na n tupu, Wasukuma wana nh, na Kiswahili kimebaki na t. Hapo hapo uliza neno "kitu". Wanyakyusa watatoa ikindu, Wahehe ikinu. Waache makundi mengine yabashiri kabla ya wenye lugha kujibu. Mtoto akibashiri neno la lugha asiyoijua na likawa kweli, ameelewa kwamba lugha hizi zina undugu wenye kanuni, na hatahitaji kukaririshwa.

Ukitazama vizuri utaona umeshaingia kwenye muhtasari wa Kiswahili bila kuuacha. Ile mada ya chimbuko la Kiswahili, ambapo tunathibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa kulinganisha msamiati na sarufi, wanafunzi wetu huikariri kwa mifano ya lugha ambazo hawajapata kuzisikia. Wanaandika kwenye mtihani kwamba Wilhelm Bleek ndiye aliyezipa lugha hizi jina la Kibantu katika kitabu chake cha sarufi mwaka 1862, kumbe ushahidi aliokuwa nao Bleek umeketi dawati la pili, una sare ya shule na unaongea Kisafwa. Ngeli nazo ni hivyo hivyo. Aliyezoea kukariri A-WA akiona aba-, ava-, ba- na wa- zimepangwa ubaoni, ngeli inakuwa kitu alichozaliwa nacho.

Kimaasai hakitaingia kwenye safu zile, na usijaribu kukiingiza kwa nguvu. Si lugha ya Kibantu, ni ya Kiniloti, na haina ngeli kama zetu. Ina jinsia. Mwambie mtoto wa Kimaasai aandike ng'ombe jike na ng'ombe dume. Ataandika enkiteng na olkiteng. Mzizi ni ule ule, kinachobadilika ni mwanzo wa neno, en- kwa jike na ol- kwa dume. Mpe muda wa kutosha mbele ya darasa. Watoto wachache wa kundi dogo, ambao wamezoea kuchekwa, siku hiyo ndio wenye jambo ambalo darasa zima halijawahi kuliona. Na wewe umepata daraja la kueleza kwa nini baadhi ya lugha za Ulaya, kama Kifaransa, zina maneno ya kiume na ya kike.

Tahajia itakusumbua, basi nikueleze mapema. Kinyakyusa kina irabu saba, siyo tano. Mwanafunzi akiandika kwa a, e, i, o, u peke yake, kuna maneno mawili yenye maana tofauti yatakayofanana kwenye karatasi. Katika maandishi ya sasa irabu mbili za ziada huandikwa kwa i na u zenye mkwaju katikati: ɨ na ʉ. Maneno niliyoyataja hapo juu nimeyaandika kwa irabu tano ili yasikutishe, lakini kundi la Kinyakyusa likifika wiki ya tatu au ya nne lionyeshwe herufi hizo, halafu litafute lenyewe jozi za maneno zinazotofautishwa na irabu hizo. Kihehe na Kibena irabu zao ni tano, ila urefu wa irabu unabadili maana, na irabu ndefu huandikwa mara mbili. Kwenye simu vijana hawaandiki hivyo, wanaandika wanavyoweza, na sioni sababu ya kuwagombeza kwa ujumbe wa simu. Daftari la kipindi chako ndilo liwe mahali pa kuandika kwa utaratibu.

Msaada upo. SIL, shirika la kimataifa linaloshughulikia utafiti na uandishi wa lugha, limefanya kazi Mbeya na wazungumzaji wa lugha nyingi za nyanda hizi tangu miaka ya 2000, Kisangu, Kisafwa, Kibena na Kinyakyusa zikiwemo, na limeandaa miongozo ya herufi pamoja na vijitabu vya kumvusha mtu anayesoma Kiswahili aweze kusoma lugha yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza 2001, kilitoa misamiati ya lugha mbalimbali na mwaka 2009 kikachapisha atlasi inayoonyesha kila lugha inaongewa wapi. Vitabu vya nyimbo na maandiko ya makanisa vipo majumbani, hasa kwa Wanyakyusa ambao wamisionari wa Kanisa la Moravian walianza kuishi kwao Rungwe mwaka 1891. Vitumie kwa kuona tahajia tu. Darasa lina Waislamu, lina Wakristo wa madhehebu tofauti na lina wasio na dini, kwa hiyo kitabu cha nyimbo kisiwe kitabu cha kiada.

Kitabu chenu bora kitakuwa kile mtakachoandika. Ningekushauri mwanze na kamusi ndogo ya mpunga. Kila kundi liende nyumbani liulize: jaruba mnaliitaje? Kupandikiza miche? Kuamia ndege? Kupura? Chuya? Utagundua jambo ambalo wazee wa Usangu wanalijua lakini hawajaulizwa: kuna kazi ambazo makabila yote yanatumia neno moja la Kiswahili kwa sababu zililetwa na mashamba makubwa, na kuna kazi ambazo kila lugha ina neno lake la zamani. Watoto wa wafugaji wao waorodheshe rangi za ng'ombe. Mpe mtoto wa Kisukuma ukurasa mzima wa rangi na mabaka ya ng'ombe, kisha mwombe atafsiri kwa Kiswahili, uone atakavyohangaika kutafuta maneno. Hapo anajifunza kutafsiri kwa vitendo kuliko kwa nadharia yoyote nitakayokuandikia.

Nakuomba jambo moja kuhusu wazee. Wakaribishwe shuleni mmoja mmoja, waje kusimulia, na watoto waandike. Kwenye fasihi simulizi tunadai wanafunzi wajue mbinu za kukusanya kazi za fasihi, kisha tunawapa methali zilizokwisha kukusanywa. Bibi wa Kibena akikaa mbele ya kidato cha pili akatoa vitendawili vitano, kundi la Kibena likaviandika, na makundi mengine yakauliza kama kwao kuna kinachofanana, mada hiyo imefundishwa yote. Ila mzee asije kuhutubia kwamba watoto wa siku hizi wamepotea. Mwambie kwa upole na heshima kabla hajaingia. Mtoto aliyekuja kujifunza akianza kwa kulaumiwa, wiki ijayo harudi.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Bado kuna shule zetu ambako mtoto akisikika akiongea kilugha anavishwa kibao shingoni, akitembea nacho mpaka amkamate mwingine. Kama kwenu kipo, kipindi chako hakitafika popote mpaka kibao kiondoke. Huwezi kumwambia mtoto Jumatano jioni kwamba lugha yake ni hazina, na Alhamisi asubuhi ukamwadhibu kwa kuiongea bombani. Kaa na mwalimu wa nidhamu. Mweleze kwamba kuhimiza Kiingereza na Kiswahili madarasani ni halali kabisa na ni wajibu wetu, lakini kuaibisha lugha ya mama wa mtoto hakujamfundisha mtoto yeyote Kiingereza. Kinachomfundisha ni kunyamaza.

Makosa ya Kiswahili ndiyo yatakayokupa faida ya haraka. Sahihisha madaftari ukiwa na kalamu mbili. Mtoto anaandika "mpila", anachanganya kura na kula. Kinyakyusa, Kihehe na Kisukuma havitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo sikio lake halikuzoezwa tofauti hiyo. Kinyakyusa hakina z, ndiyo maana mwizi anakuwa "mwisi". Mwingine anaandika "tutoto tule" na wewe unaweka mkasi mwekundu, kumbe ameleta udogo wa kwao, ule wa aka- katika umoja na utu- katika wingi, mahali ambapo Kiswahili sanifu kinatumia ki- na vi-. Makosa ya namna hiyo yaandike kwa kalamu ya pili, kisha jioni mwambie mwenyewe atafute yanatoka wapi. Akigundua chanzo, anaanza kujisikiliza, na anayejisikiliza hujirekebisha. Wahehe na Wabena nao wana hazina nyingine: lugha zao hutenganisha jambo lililotokea karibuni na lililotokea zamani kwa kubadili kitenzi chenyewe. Mwalimu wa Kiingereza anayehangaika kueleza nyakati za vitenzi angepata pa kuanzia kama angewauliza hao kwanza.

Kuhusu ukabila, hofu ya mwenzako usiidharau. Nchi yetu ilikazana kujenga umoja, Kiswahili kilibeba mzigo huo, na mtu anayeulinda umoja anafanya jambo jema. Lakini ukabila ni kumpa mtu haki au kumnyima kwa sababu ya asili yake. Darasa ambalo Msangu anasahihisha daftari la Msukuma baada ya kujifunza kanuni yake, na Mmaasai anapigiwa makofi na Wabena, linafanya kinyume cha ukabila. Ukabila ungeingia kama ungechagua lugha moja, ndiyo maana nimeanza na katazo lile. Weka mipaka michache isiyovunjwa. Hakuna mashindano ya lugha ipi bora. Hakuna hadithi ya vita ambamo kabila la mwenzetu linatukanwa, na historia ya Mkwawa wa Wahehe na Merere wa Wasangu ibaki kwenye kipindi cha Historia ambako kuna mwalimu wa kuiweka sawa. Utani wa makabila uachwe nje ya kipindi, kwa sababu watu wazima wanajua mwisho wake na mtoto hajui. Na kila mwezi makundi yabadilishane, kila mtoto aandike angalau ukurasa mmoja wa lugha isiyo yake kwa kuulizwa na mwenye lugha.

Mwenzako akiendelea kuuliza kama inaruhusiwa, mwonyeshe Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997. Inasema jamii zetu zitaendelea kutumia na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza kuandikwa kwa kamusi na vitabu vya sarufi vya lugha hizo. Kweli, lugha za asili hazimo kwenye ratiba ya masomo. Wewe huzifanyi kuwa somo wala lugha ya kufundishia. Una kipindi cha ziada, mkuu wa shule ameridhia, na mengi unayofanya yanarudi kwenye muhtasari wa Kiswahili. Mwombe mkuu aliandike hilo kwenye kumbukumbu na kulifikisha kwenye bodi ya shule, ili akihamishwa kazi isife.

Sitakuahidi kwamba matokeo ya kidato cha nne yatapanda kwa sababu ya saa moja ya jioni. Wala usiwape alama wala vyeti, kwa sababu ukianza kupima lugha saba ambazo hata wewe huzijui, utarudi pale pale pa kuchagua zinazokurahisishia. Kipimo chako kiwe kitu kinachoonekana: madaftari, kamusi ya mpunga, hadithi zilizoandikwa na kutafsiriwa. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999 kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Dhaka mwaka 1952 wakidai Kibengali kitambuliwe. Ukianza muhula wa pili mwaka huu, kufikia Februari utakuwa na cha kubandika ukutani wazazi waje kusoma.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza lakini litakukuta. Patakuwa na mtoto mmoja mwenye lugha yake peke yake, Mnyiha labda, au Mkinga kama wewe aliyehamia katikati ya mwaka. Usimsukume kwenye kundi la lugha inayokaribiana na yake. Mpe daftari lake, afanye kazi zote kama wengine, na wiki moja kwa mwezi aazime simu ya mzazi arekodi mtu wa nyumbani akisimulia dakika tano, aje aandike alichokirekodi. Akiwa Mkinga, keti naye wewe mwenyewe, mwandike pamoja. Na mkikwama kwenye tahajia ya Kisangu, niandikie tena. Nitajie maneno yenyewe, maana zake na kijiji yalikotoka, maana matamshi ya Utengule na ya Chimala si lazima yafanane, na sitaki kukujibu kwa kukisia.